Kila Gitaa na Kiti Chake

Waitu, naongea nanyi nyote mliotega sikio jioni hii. Mlio Bukoba mjini, kuanzia Kashai na Hamugembe hadi Rwamishenye. Mlio Muleba, Kamachumu, Nshamba na Rubya. Na ndugu zetu wavuvi mlioko visiwani Bumbire na Goziba.

Leo nimekuja na mapenzi yangu ya siku nyingi, gitaa la umeme. Tuelewane tangu mwanzo. Sizungumzii gitaa kavu, lile lenye tumbo kubwa la mbao ambalo wakubwa zetu waliliita galatoni. Nazungumzia lile linalochomekwa waya kwenye amplifaya, ambalo ukilipiga bila umeme hata aliye chumba cha pili hasikii kitu.

Kwa nini nimelileta hapa? Kwa sababu nikipita makanisani, harusini na kwenye kumbi zetu, naona jambo moja linajirudia. Watu wanachanga fedha, wanamtuma mtu Kampala au Mwanza, naye anarudi na gitaa. Limechaguliwa kwa rangi. Jekundu linalong'aa, au jeusi lenye pembe kali kama la vijana wa kwenye video. Jumapili ya kwanza mpigaji analichomeka, anapiga kodi mbili tatu, anakunja uso. Wanakwaya wanatazamana. Gitaa ni zima kabisa, ila limekalishwa kwenye kiti kisicho chake.

Na sisi watu wa Kagera tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Mgeni akifika sokoni anaona ndizi tu. Sisi tunaona hii ya kupika, hii ya kuchoma, hii ya kusubiri iive, hii ya kukamua rubisi. Nani kati yetu angekamua rubisi kwa ndizi ya kupika? Basi na magitaa ni hivyo hivyo. Kila moja lina kazi yake. Shikeni hapo hapo: kazi yake. Nitalirudia.

Kwanza tuone linavyolia. Chini ya nyuzi, kwenye kifua cha gitaa, kuna vijisanduku vyembamba vilivyolala kukatiza: kimoja, viwili au vitatu. Hizo ndizo pikapu. Pikapu za gitaa jamani, si zile zinazoshusha ndizi sokoni. Ndani ya pikapu kuna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo kumezungushwa waya wa shaba mwembamba sana, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Umeme huo unapita kwenye amplifaya, unakuzwa, spika inalia. Ndiyo maana ukifunga nyuzi za nailoni kwenye gitaa la umeme utahangaika bure. Sumaku haina habari na nailoni.

Sumaku, waya wa shaba, amplifaya, spika. Hebu niulize: mtaani kwako ni nani anayevijua vitu hivi vyote? Si yule fundi redio?

Na sasa nawapa habari ambayo kila nikiikumbuka nafurahi. Mtu aliyebuni baadhi ya magitaa ya umeme yanayoigwa mno duniani alikuwa fundi redio. Jina lake Leo Fender, wa mji wa Fullerton, California, huko Marekani. Alifungua duka lake la kutengeneza redio mwaka 1938. Wanamuziki wakawa wanamletea amplifaya zilizokufa, na kutoka kwenye amplifaya akahamia kwenye magitaa. Na hapa kuna la kuchekesha: kulipiga gitaa hakujua. Alifariki mwaka 1991 akiwa ameacha magitaa dunia nzima, na yeye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa.

Mwaka 1950 fundi huyo alitoa gitaa ambalo mwaka uliofuata lilipewa jina la Telecaster. Ukiliona mara ya kwanza utadhani fundi seremala hajamaliza kazi. Kipande cha mbao nene kisicho na tumbo. Shingo imefungwa kwa skrubu nne kwa nyuma. Pikapu mbili, kifundo cha sauti, kifundo cha toni, swichi, basi. Hakuna mbwembwe. Lakini fikiri kidogo maana ya zile skrubu nne. Shingo ikipinda au ikichoka, unafungua kwa bisibisi, unaitoa, unaweka nyingine. Hakuna gundi, hakuna kurudisha kiwandani. Gitaa hilo lilibuniwa na mtu aliyezoea kufungua na kufunga vitu, akijua kuwa ipo siku kila kitu huharibika.

Sauti yake? Kavu, ya wazi, inakata. Ukipiga kodi ya nyuzi sita unazisikia zote sita, hakuna uzi unaomezwa na mwenzake. Kwa hiyo mimi nikiulizwa, Telecaster, au lile lililotengenezwa kwa mfano wake, kiti chake ni ridhimu.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya vijana. Muziki wetu wa dansi una viti. Tafuteni nyimbo za Mlimani Park, bendi iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1978 na kina Abel Balthazar kwenye magitaa. Usisikilize maneno, sikiliza nyuzi. Utasikia solo linaongea na waimbaji. Utasikia solo la pili linalijibu. Chini yao ridhimu linakwenda bila kuchoka, na chini kabisa besi inatembea. Watu wanne, magitaa manne, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Ukiweka mle ndani gitaa lenye sauti nene na pana kwenye kiti cha ridhimu, umeziba nafasi ya wengine watatu. Kila gitaa na kazi yake.

Twende kwenye solo. Mwaka 1954 Fender alitoa Stratocaster. Hili mnalijua hata kama jina hamlijui: pembe mbili juu, mgongo umechongwa ukingo usikuchome mbavuni, pikapu tatu, na kijiti cha chuma cha kuyumbisha sauti. Kuna kisa kimoja cha Stratocaster ambacho wapigaji wakongwe wanakipenda. Swichi yake ya kuchagua pikapu ilitengenezwa na nafasi tatu tu. Wapigaji wenyewe wakagundua kwamba ukiitegesha katikati ya nafasi mbili, isikae huku wala kule, pikapu mbili zinalia pamoja na inatoka sauti nyembamba, tamu, yenye mng'ao ambayo haipatikani kwingine. Wakawa wanaitegesha kwa kidole, wengine wanachomeka kijiti isirudi. Kiwanda kilikuja kuweka swichi ya nafasi tano mwaka 1977, zaidi ya miaka 20 baadaye. Wapigaji walitangulia, kiwanda kikafuata.

Ile sauti ya katikati ndiyo sauti ya solo. Muziki ukishachemka, waimbaji wameachia nafasi, solo linapanda juu ya shingo na kurudia kifungu kimoja mpaka watu wanaacha viti: hapo unataka sauti inayopenya bila kupiga kelele. Stratocaster inapenya.

Lakini ina ugonjwa wake, na Telecaster inao pia. Nani hajawahi kuusikia? Kwaya imesimama, mchungaji bado anasoma matangazo, na kwenye spika kuna "mmmmm" isiyokatika. Watu wanamtazama fundi mitambo kwa jicho baya. Maskini, kosa si lake. Pikapu yenye koili moja, yaani fungu moja la ule waya wa shaba, inanasa uzi, na inanasa vilevile mngurumo wa umeme wa ukutani, ambao kwetu Tanzania unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde. Ukiwa karibu na taa za tyubu ni balaa.

Dawa yake ilipatikana kwa washindani wa Fender, kampuni ya Gibson, wakati huo ikiwa Kalamazoo, jimbo la Michigan. Mhandisi wao Seth Lover aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu. Moja inazungushwa kinyume cha mwenzake, na sumaku zake pia zimegeuzwa. Mngurumo unaingia kwenye zote mbili ukiwa umepishana, unajiua wenyewe. Sauti ya uzi inaingia kwa pamoja, inaongezeka. Aliomba hataza mwaka 1955, na kuanzia 1957 pikapu hizo zikawekwa kwenye gitaa lao kubwa, Les Paul, ambalo lenyewe lilikuwa sokoni tangu 1952.

Les Paul ni gitaa la heshima. Zito, mkangazi chini na mbao ngumu juu, shingo imegandishwa kwa gundi. Ukigusa uzi sauti inakaa muda mrefu, nene, ya kiutu uzima. Nalipenda. Ila nitasema wazi, najua wapo watakaonuna: kwenye kwaya zetu nyingi si mahali pake. Kwaya ina kinanda, na kinanda tayari kimejaza kila pengo. Les Paul ikiingia, inagombana na kinanda, na wote wawili wanagombana na sauti za kina mama. Mpeni Les Paul mtu anayepiga na ngoma na besi tu, hapo utaona utamu wake.

Na onyo moja kwa wanaolisafirisha. Kichwa chake kimelalia nyuma, na pale kinapoanzia mbao ni nyembamba. Likianguka chali, ni hapo linapovunjika. Ukilibeba kwa bodaboda kutoka Muleba kwenda Nshamba, mgongoni, ndani ya mfuko wa kitambaa, unamjaribu Mungu. Nunua kasha gumu.

Kati ya ubao usio na tumbo na galatoni kuna ndugu wa tatu. Mwaka 1958 Gibson walitoa ES-335: tumbo lipo, jembamba, lakini katikati yake kumepita gogo la mbao kutoka shingoni hadi chini. Kwa nini gogo? Kwa sababu gitaa lenye tumbo tupu ukilisogeza karibu na spika linaanza kupiga mluzi lenyewe. Gogo linapunguza mluzi, tumbo linaacha joto la sauti. Kwa rumba ya taratibu, ile ya wazee wamevaa makoti, sijaona linalolishinda.

Na tukitaja rumba, tutavukaje bila kuwataja Wakongo? Franco Luambo wa OK Jazz, Docteur Nico wa African Jazz, yule ambaye gitaa lake lilikuwa Brussels mwaka 1960 bendi hiyo ilipopiga wimbo wa uhuru wa Kongo. Hawa walitufikia kwa redio na kwa sahani za santuri, na masikio ya Afrika Mashariki nzima yakabadilika. Wakongo walifanya pia jambo ambalo hakuna kiwanda kilichowafundisha. Wanautoa uzi wa nne, wanaweka mwembamba mahali pake, wanaukaza hadi sauti inapanda oktavu nzima. Wanauita mtindo huo mi-composé. Ukipiga ridhimu kwa gitaa la namna hiyo, unasikia kama wapigaji wawili. Kijana mwenye gitaa la kawaida na uzi mmoja wa akiba anaweza kulijaribu leo usiku.

Hapa ndipo ninapotaka kufika, wasikilizaji. Gitaa limetoka mbali, ila sikio ni letu. Vuka ziwa hili uende Shirati, mkoani Mara. Pale alizaliwa D. O. Misiani mwaka 1940, akaenda kuwa mfalme wa muziki wa benga nchini Kenya. Watu wake, Wajaluo, walikuwa na nyatiti, ala ya nyuzi nane. Sikiliza gitaa la benga linavyodonoa sauti moja moja, haraka, likiongozana na mwimbaji. Vidole ni vya nyatiti, umeme ndio mgeni.

Na sisi je? Sisi tuna nanga. Mti umechongwa ukawa na bonde refu, uzi mmoja umepitishwa huku na huko juu yake hadi ikapatikana mistari saba au minane. Mpiga nanga anaketi, anapiga kifungu kile kile chini chini, na juu yake anasimulia habari za mashujaa na wafalme. Kina Habibu Selemani walifanya hivyo, na Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaandika kuwahusu hawa manju wa nanga, ulimwengu ukajua kuwa Wahaya wana tendi. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita kwetu na mashine yake akanasa muziki wa Wahaya. Sauti hizo zipo hadi leo.

Sasa sikilizeni vizuri kijana wa Kihaya anayejua ridhimu. Kifungu kimoja, kinarudiwa, hakipandi wala hakishuki, kinamwachia mwimbaji nafasi ya maneno. Mimi nasikia nanga mle. Mtu anaweza kubisha, na ruksa abishe. Lakini kama nasema kweli, basi gitaa linalotufaa ni lile lenye sauti wazi na nyembamba, si lile linalofunika maneno. Wahaya tunapenda maneno, jamani, hilo nalo mtabisha?

Besi nisiisahau. Fender huyo huyo alitoa Precision Bass mwaka 1951, nyuzi nne, na kwenye shingo freti zinazomwonyesha mpigaji mahali hasa pa kubonyeza, tofauti na lile dude la kusimama wima ambalo kila bendi ililazimika kulibeba juu ya gari. Kwaya nyingi humpa besi yule asiyeweza magitaa mengine. Ni makosa makubwa. Besi ikiyumba, watu mia wanayumba.

Najua mnaniuliza: wewe unatutajia Fender na Gibson, fedha tutatoa wapi? Swali zuri. Hata mimi sizungumzii kununua majina. Magitaa mengi yanayofika kwetu ni ya kuiga, ya China, ya Indonesia, na mengine ni mazuri sana. Tazama umbo la pikapu, si maandishi ya kichwani. Pikapu nyembamba ni koili moja: sauti wazi, mngurumo upo. Pikapu pana ni koili mbili: sauti nene, mngurumo hakuna. Kama kwaya yenu ina fedha ya gitaa moja tu, tafuteni lile lenye nyembamba mbili na pana moja karibu na daraja, kule nyuzi zinakofungwa kifuani. Yamaha wametoa la namna hiyo, Pacifica, tangu mwaka 1990, na wapo wengine. Hilo linakaa kiti cha solo na cha ridhimu, na umeme ukiwa mbaya unahamia pikapu pana. Sijalipwa na mtu kusema hivyo.

Kabla hujatoa fedha, lishike gitaa usawa wa jicho, litazame kutoka mwisho wa mwili kuelekea kichwani. Shingo imenyooka? Bonyeza kila freti, kila uzi, mpaka mwisho. Kuna mahali uzi unakwaruza? Zungusha kifundo cha sauti: kinakwaruza? Tikisa waya pale unapoingia: sauti inakatika? Muuzaji akikukataza kufanya hayo, aga uondoke.

Na likishafika nyumbani, kumbukeni tunaishi wapi. Bukoba inapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ziwa liko mlangoni. Nyuzi zinashika kutu upesi. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Mbao ya shingo nayo inacheza na unyevu. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kuinyoosha, na tundu lake liko kichwani au pale shingo inapokutana na mwili. Inakazwa kwa ufunguo mdogo wenye umbo la L. Robo mzunguko, unasubiri hadi kesho, unatazama tena. Ukiikaza kwa hasira inakatika, na hapo ndipo utalia wewe badala ya gitaa.

Nina ombi moja, halafu nawaaga. Stoo za makanisa yetu, kutoka Bukoba hadi Muleba, zina magitaa yanayosemwa kuwa yamekufa. Mengi hayajafa. Waya mmoja umeachia pale kwenye tundu la kuchomeka, au kifundo cha sauti kimejaa vumbi. Hiyo ni kazi ya risasi kidogo na dakika chache kwa fundi redio. Wenyeviti wa kwaya, wazee wa kanisa, na nyinyi mlio na gitaa la marehemu baba juu ya kabati: wiki hii litoeni, lifuteni vumbi, lipelekeni kwa fundi redio wa karibu. Mwambieni afungue bamba linalofunika nyaya atazame. Na likishalia, mpeni kijana mmoja alishike kila siku, si Jumapili peke yake.